Mota Iliyomwaibisha Gaspari wa Bombambili

Saa mbili asubuhi, Bombambili. Gaspari Komba amepiga magoti kando ya meza yake ya useremala, ananing'iniza jiwe la mizani la kilo moja kwenye uzi. Uzi umezungushwa kwenye kapi, kapi liko kwenye mota, na mota imeungwa kwenye kompyuta. Ndiyo, kompyuta! Bandani kwa seremala, hapa hapa Songea!

Anabonyeza kitufe. Mota inalia, jiwe linapanda. Anaongeza mwendo. Linapanda tena, mbio kuliko mwanzo.

"Hii imefaulu," anamwambia mkewe, Emerensiana, anayeandika kwenye daftari.

"Hata ile ya kwanza ulisema imefaulu, Baba Hilda."

Gaspari anainama kukaza skrubu ambayo imeshakazwa.

Jamani, mashine yenyewe ni ya kushangaza! Reli zake ni mabomba ya kitanda cha chuma. Juu yake kinatembea chombo cha umeme chenye kisu kinachozunguka, na mota tatu ndizo zinazokipeleka: moja kushoto na kulia, moja mbele na nyuma, moja juu na chini. Kompyuta inazihesabia hatua, ubao unachongwa maua na maandishi bila mtu kushika patasi.

Gaspari, mwenye miaka 41, ameiunda kwa miaka miwili. Mwaka 1996 alipunguzwa kazi kwenye ofisi moja ya mazao, akarudia ufundi. Lakini siku hizi kila mtu ni fundi, na vitanda vinashushwa kwa malori kutoka Dar es Salaam. Kitanda anachokitengeneza wiki mbili anakiuza shilingi 35,000, tena baada ya kubembeleza.

"Nikasema nitafute kitu ambacho hakuna mwingine anacho," anasimulia. "Nikakipata. Ndicho kilichonivua nguo."

Mota za kwanza alizitoa kwenye vyuma chakavu vya mnadani. Alizichagua hivi: anaiunga mota na betri ya gari, anashika shafti kwa koleo, anazungusha. Iliyomshinda mkono ndiyo aliyoichukua.

"Nilichagua kama mtu anayenunua ng'ombe wa kulima," anasema. "Kumbe nilikuwa napima nguvu ya mota iliyosimama! Ile kubwa ikiwa imesimama huiwezi. Ikikimbia, inaishiwa. Inaruka hatua."

Na hapo ndipo penye balaa. "Kompyuta haina macho. Ikiiambia mota piga hatua mia, inaamini imepiga mia. Ikipiga tisini, kompyuta inaendelea tu."

Juni mwaka jana alipata kazi ya msalaba wa kaburi la mzee Leonce wa Maposeni, aliyefariki Machi. Jina lilitoka safi, akaita majirani waje kuona. Halafu akaongeza mwendo, ili awakoge. Mota ikaruka. Mwaka wa kuzaliwa wa marehemu ukachongwa juu ya herufi za jina lake.

Majirani wakacheka. Mmoja akasema, "Fundi, huyo marehemu umemzika mara mbili!"

Siku za kuchonga msalaba mwingine zilikuwepo. Gaspari hakuchonga. Alichanganya vumbi la mbao na gundi, akaziba, akapiga vanishi, akaandika upya kwa rangi. Msalaba ukapelekwa, ukabarikiwa, ukasimikwa. Akashukuriwa kwa debe la mahindi.

Desemba mvua zilipokolea, kiraka kikavimba, kikadondoka. Mjane wa marehemu, Bibi Lidwina, akatembea kutoka Maposeni hadi Bombambili. Gaspari alijua amekuja kumgombeza.

"Akaniambia, 'Nisamehe mwanangu, msalaba wako sijautunza. Nimeuacha umenyeshewa umeharibika.'" Gaspari anafuta uso kwa kiganja. "Mama mtu mzima ananiomba radhi mimi! Nikamjibu, 'Ni mvua, mama, usijali.' Hilo ndilo nililomjibu."

Tangu siku hiyo hakupita tena njia ya Maposeni. Hata kanisani alikaa nyuma.

Lakini Jumamosi hii familia inafanya misa ya mwaka mmoja, na watu watakwenda kaburini. Kwa hiyo mwezi uliopita Gaspari alipanda basi hadi Tunduru, siku mbili njiani kwa matope, kumfuata Muhsini, fundi wa mashine za fotokopi.

Muhsini alimpa mota tatu za mashine iliyokufa. Ndogo! Gaspari akakunja uso.

"Ndugu yangu, unaoa au unachagua mota?" Muhsini akamcheka. "Usitazame umbo. Ipe mzigo, ikimbize, uone inadondosha saa ngapi. Inshallah itakuonyesha yenyewe."

Ndiyo maana ya mawe ya mizani, aliyoyaazima kwa mnunuzi wa mahindi. Daftari la Emerensiana liko wazi: mota kubwa ya zamani, polepole inainua kilo mbili, ikikimbizwa inadondosha hata nusu kilo. Hii ndogo inainua kilo moja, na ikikimbizwa inaendelea kuinua kilo ile ile.

Jumanne msalaba mpya wa mninga unachongwa, jina mahali pake, mwaka mahali pake. Hakuna jirani aliyeitwa.

"Upeleke, useme ni zawadi," Emerensiana anamjaribu.

"Nikisema zawadi atanishukuru tena. Sitaweza."

Alhamisi anaufunga kwenye baiskeli, anakwenda. Bibi Lidwina yuko uani anapukuchua mahindi.

"Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo mama."

"Milele amina. Marahaba, fundi. Karibu kigoda."

Gaspari hakai. Anasema yote akiwa amesimama: mota, mwendo, majirani, gundi, na lile neno la mvua. Macho yako chini.

Bibi Lidwina anaacha kupukuchua. Kisha anaita, "Makarius! Waite wenzako wote, njooni hapa."

Watoto wake wanne, watu wazima, wanakuja na kusimama.

"Haya, rudia," anamwambia Gaspari. "Miezi mitatu hawa wananilaumu mimi kwamba nimeuozesha msalaba wa baba yao."

Gaspari anarudia yote. Makarius anaguna, anageukia upande. Hakuna anayecheka.

Bibi Lidwina anaufunua msalaba mpya, anapitisha kidole kwenye jina la mumewe, herufi kwa herufi, mpaka mwisho.

"Jumamosi njoo mapema, kabla ya misa," anasema. "Jembe tutakupa. Shimo utachimba wewe."