Bwana Shamba Kaionja Dawa Yangu ya Mahindi

Leo Bwana Shamba wa serikali katapika uani kwangu hapa Likoni, na wallahi sikumlisha mimi!

Yuwaja na kibiriti mkononi, ati achome mbegu zangu za mahindi kwa sababu hazina dawa.

Nikamwonyesha vidonge vyangu vya mwarobaini vya kufukuza fukusi, wadudu watoboao mahindi. Nilivifunga kwa nta ya nyuki tangu mwaka jana, uchungu usipotee.

"Mzee, dawa hii ishakufa," asema, pua juu.

Kunikebehi tu, akakitia kimoja kinywani, akatafuna.

Loo!

"Maji, mzee! Maji!"

"Ya nini, na dawa ishakufa? Lete kibiriti kwanza, mjinga wee."

Akaleta.

Mbegu ninazo. Kiko changu nimekiwashia kibiriti cha serikali. Nani amwonea huruma? Ajitokeze, vidonge vingali vipo.