Gitaa Lililopimwa kwa Pua

Juzi, kwenye duka la vitu vya mtumba pale Mafinga, nilimkuta mwalimu wa kwaya akikizunguka kitu chenye miguu minne, nyuzi kumi juu na pedeli chini.

"Ni gitaa la kupiga umekaa," alisema muuzaji. Wiki iliyopita aliniambia mimi kuwa ni mashine ya kufuma masweta.

Mwalimu aliogopa kuchekwa na kwaya yake, akaita mtaalamu. Kwetu mtaalamu wa kila kitu ni fundi seremala. Fundi akagonga ubao, akalamba kidole, akausugua, akanusa huku amefumba macho.

"Huu si ubao wa mti wa paini wala wa mlingoti," akasema. "Huu haupindi, mwalimu. Chukua."

Nikagusa uzi mmoja huku nimekanyaga pedeli. Sauti ikatoka, ikapanda taratibu kama mtu anayeuliza swali.

"Mzee, acha, utaharibu!" wakanikemea wote watatu.

Jumapili nililiona kanisani, mbele kabisa, limefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake chombo cha maua. Kwaya iliimba bila ala. Fundi hakukosea, maana halijapinda hata kidogo.