Madawati Kumi na Manane, Vitabu Kumi na Viwili

Dada yangu anafundisha darasa la pili, na ukitaka kumkasirisha, weka penseli upande wa kulia wa dawati. Kulia ni kwa daftari. Penseli inakaa kushoto, kifutio juu ya penseli, na kichongeo kimefungwa kamba kwenye mguu wa dawati kisije kikatoroka. Walimu wenzake wanamwita Mwalimu Mpangilio. Wanadhani wanamtania, kumbe yeye anaitika.

Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani, nina kibanda karibu na geti la shule hiyohiyo. Naomba niseme mapema kwamba mimi si mtu mpole, na habari hii mpaka leo haijanishuka kooni. Nikipandisha sauti huko mbele, nivumilieni.

Darasa lake lina watoto sabini na wawili kwenye madawati kumi na manane. Wanakaa wanne wanne, wamebanana hivi kwamba mmoja akipiga chafya watatu wanakosea herufi. Zamani robo ya kila kipindi iliishia kwenye kesi: nani kaiba kifutio, nani kakalia rula, penseli hii ni ya nani na mbona ina alama za meno. Dada akachoka kuwa hakimu. Siku moja akaja kibandani na vipimo vya dawati kwenye kikaratasi, urefu na upana, kama mtu anayetaka kushonewa suti.

Nikamshonea vifuko kumi na vinane kutokana na suruali kuukuu za jinzi. Kila kifuko kina mifuko minne myembamba, penseli ya kila mtoto na mfuko wake, halafu mmoja mpana wa vitu vya wote: rula, kitambaa cha kufutia, na vifuniko vya soda vya kuhesabia. Kifuko kinaning'inia mbele ya dawati kwenye misumari miwili. Kila dawati lina mkuu wa kifuko, na cheo hicho kinabadilika kila Jumatatu, maana Dada anasema hata mtoto wa miaka saba akikaa madarakani muda mrefu anaharibika. Baada ya wiki mbili kesi zilikwisha.

Zikabaki shida za vitabu. Vitabu vya kusoma vilikuwa kumi na viwili, kwa hiyo watoto sita waliinamia kitabu kimoja. Wa katikati anasoma, wa pembeni anasoma sikio la mwenzake, na aliyekaa upande wa pili anayaona maneno yamesimama kwa vichwa. Wengi walikuwa wanaimba hadithi nzima bila kuijua herufi hata moja. Ukiwafunikia picha, wananyamaza.

Hapo lazima niseme na habari ya barua. Dada ni mwalimu wa mkataba. Mwaka wa tisa huo, kila Desemba anaandika kuomba aendelee, na kila Januari anasubiri simu kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Mama yetu anaishi kwa kazi hiyo, nami kibanda changu kisingesimama bila yeye. Mwaka huo mwalimu mkuu alimwambia kwamba zamu yake imefika: akipita ukaguzi bila doa, atapewa barua ya ajira ya kudumu. Akipata doa, mkataba hautaongezwa tena. Dada alikuwa anaiota barua hiyo. Najua, kwa sababu tunalala chumba kimoja na anaongea usingizini.

Sasa mwanamke mwenye jambo kama hilo mbele yake anatakiwa atulie. Yeye akaja kibandani na kitabu kimoja mkononi, akanionyesha kwamba kila hadithi imechapwa kwenye karatasi moja, mbele na nyuma. Hadithi ishirini na nne, karatasi ishirini na nne.

"Nikivifungua vyote," akasema, "kila mtoto atakuwa na hadithi yake mkononi. Yake peke yake. Inakaa kwenye kifuko, wiki ikiisha inahamia dawati linalofuata."

"Dada, vitabu vya shule unavichana?"

"Sivichani. Navifungua."

"Mwalimu mkuu anajua?"

"Atajua watakapokuwa wanasoma."

Ningemkatalia. Sikumkatalia, kwa sababu alikuwa ameshanivimbisha kichwa: nani mwingine angeweza kuzipiga pindo karatasi zisichanike? Tukatoa pini, tukakata mkunjo kwa wembe, majalada akayaweka kabatini. Kila karatasi nikaizungushia ukanda wa kitambaa na kuupiga mashine pande zote nne. Karatasi mia mbili themanini na nane. Zilipendeza, na niliringa nazo.

Na watoto wakasoma. Siwaambii kwa kubahatisha, nilikuwa nawasikia kutoka kibandani. Kwanza ilikuwa makelele ya silabi tu, halafu maneno, halafu mwezi wa tatu wakaanza kubishana juu ya hadithi, kwamba yule sungura hakuwa mjanja, alikuwa mwongo. Kwenye dawati la tisa kulikuwa na msichana tuliyemwita Kimya, kwa sababu tangu aanze shule hakuna aliyekuwa amesikia sauti yake zaidi ya kuitika jina. Alhamisi moja akasimama bila kuitwa, akasoma karatasi yake mbele na nyuma, akakaa. Dada alinisimulia mara mbili. Nilifurahi mpaka nikakosea kola ya mteja.

Ijumaa iliyofuata mwalimu mkuu akawaita walimu wote. Mkaguzi anakuja Jumatatu asubuhi kuhesabu vitabu, darasa kwa darasa, kitabu kwa kitabu. "Atakayekutwa ameharibu mali ya shule, mimi simjui," alisema. Kisha akambakiza Dada peke yake na kumwambia kwa furaha, "Barua yako mkaguzi anakuja nayo. Usiniangushe, mwalimu."

Saa nane mchana Dada akaingia kibandani. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mkoba bado begani.

"Nimekwisha," akasema.

Akanieleza aliyoambiwa. Nikamwambia amfuate mwalimu mkuu na kusema ukweli.

"Nimwambie nini? Kwamba nimekata vitabu vyake vyote kwa wembe?"

"Mwambie watoto wanasoma."

"Mdogo wangu, mkaguzi haji kuhesabu watoto."

Kwa hiyo tulikuwa na Jumamosi na Jumapili za kurudisha vitabu kumi na viwili duniani. Jioni ile alizikusanya karatasi zote kutoka kwenye vifuko. Zilikuwa mia mbili themanini na moja. Saba ziliondoka na watoto waliomwomba wakasome nyumbani, naye hakuwa na moyo wa kumkatalia mtoto anayeomba kusoma.

Jumamosi asubuhi yeye alikwenda kuzitafuta nyumba kwa nyumba, mimi nikabaki na mashine. Mpango wangu ulikuwa rahisi: nifumue pindo, karatasi zibaki kama zilivyotoka kiwandani, nizipange, nizishone mgongo, jalada juu. Nikachukua ya kwanza, nikafumua uzi, nikavuta kitambaa. Kitambaa kikatoka na ukingo wote wa karatasi, na nusu ya maneno.

Fundi wa miaka kumi na mmoja mimi, na sikuwa nimefikiri. Nguo ukiifumua, matundu ya sindano yanajifunga. Karatasi haijifungi. Nilikuwa nimezitoboa zote pande zote nne kwa mshono mdogomdogo wa kujivunia, na sasa kila moja ilikuwa tayari kukatika palepale nilipopita. Nilijaribu kwa mvuke, nikajaribu kwa wembe, uzi mmoja mmoja. Nikaharibu tano. Ya tano nilipoiona imeachana mikononi niliitukana mashine kwa maneno ambayo mama asiyasikie, kisha nikakaa chini sakafuni na kulia kwa sauti. Kazi ya dada yangu nilikuwa naiua kwa mikono yangu.

Yeye alirudi saa kumi, vumbi mpaka magotini, na karatasi sita. Moja aliikuta chini ya godoro, moja imebandikwa ukutani kama picha ya harusi, moja mtoto mchanga alikuwa anaitafuna kona. Ya saba iliwashiwa jiko. Mama wa nyumba aliomba radhi sana, alidhani ni takataka. Dada alimwambia hamna neno, mama, halafu akakaa kwenye kizingiti cha watu asiowajua mpaka wakamletea maji.

Nilimwonyesha zile tano. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Usifumue tena," akasema. "Shona kitambaa kwa kitambaa."

Ndivyo tulivyofanya. Pindo tukaziacha zilivyo, tukaziunganisha upande wa mgongo, nguo kwa nguo, karatasi ishirini na nne kwa kila kitabu, jalada juu. Zile tano nilizipiga viraka. Ile iliyoungua Dada aliiandika upya kwa mkono, herufi za chapa, akakaa nayo saa mbili akiwa ameng'ata ulimi kama mwanafunzi wake. Mashine ilivunja sindano tatu ikagoma, nikamalizia kwa sindano ya magunia mpaka vidole vikavimba. Jumapili saa kumi na moja jua likiwa bado juu, vitabu kumi na viwili vilikuwa mezani. Vilikuwa vinene kama mito ya kulalia na vilisimama vyenyewe.

"Vimefanana na wewe ulipokuwa mtoto," Dada akasema.

Tulicheka, halafu yeye akaacha kucheka ghafla na kwenda kujilaza.

Jumatatu nilifunga kibanda, nikasimama kwenye dirisha la darasa nikijifanya namngoja. Mkaguzi alikuwa mtu mfupi, nadhifu, mwenye haraka. Mwalimu mkuu alimfuata nyuma. Vitabu vilikuwa vimepangwa mezani mgongo nje. Mkaguzi akavihesabu kwa ncha ya kalamu, mpaka kumi na viwili. Kisha akakiinua kimoja. Nilimwona Dada ameshika ukingo wa meza.

Hakukifungua. Alikigonga mezani mara mbili kama mtu anayepima tikiti maji.

"Nani kavishona hivi?"

"Mdogo wangu, ni fundi," Dada akajibu.

"Hongera, mwalimu. Kote nilikopita nimekuta vitabu vimechanika. Hivi vitaishi miaka ishirini." Akaandika kwenye fomu, akafungua mkoba, akampa Dada bahasha. Watoto wakaambiwa wapige makofi, wakapiga.

Nilitaka kurukaruka pale dirishani. Miaka tisa, jamani. Halafu mkaguzi akamgeukia mwalimu mkuu.

"Hivi visikae na watoto, wataviharibu. Vifungie stoo viwe vya mfano. Mwakani nikija nivikute hivihivi."

"Bila shaka," mwalimu mkuu akasema, na funguo zikatoka mfukoni.

Dada alifungua mdomo. Niliuona ukifunguka. Bahasha ilikuwa mkononi mwake, na wote wawili walikuwa wanamtazama kwa upole, wakidhani anataka kushukuru.

"Asante," akasema.

Alikwenda ofisini mchana ule kuviomba, walau sita. Mwalimu mkuu alimwambia asiharibu siku nzuri. Alikwenda tena jioni kabla ofisi haijafungwa, akaomba viwili. Akaambiwa aandike ubaoni kama wenzake, kwani wenzake hawafundishi?

Jumanne saa nne asubuhi akaja kibandani, katikati ya kipindi. Kwa miaka tisa hajawahi kuliacha darasa na watoto ndani. Alibaki amesimama mlangoni.

"Wameingiza mikono kwenye vifuko," akasema. "Wametoa penseli, wameweka kushoto. Daftari kulia. Wameacha nafasi ya karatasi katikati, kama nilivyowafundisha. Wakangoja."

Nikamsogezea kiti cha wateja.

"Nikaandika sentensi ubaoni. Walio nyuma hawaoni. Kimya hakutazama hata ubao. Ameweka kidole kwenye mbao tupu za dawati, anakisogeza polepole kutoka kushoto kwenda kulia, anasoma. Neno kwa neno. Akifika mwisho, anageuza."

"Anageuza nini?"

"Hakuna kitu. Anageuza mkono tu, anaanza upande wa nyuma." Alijifuta uso kwa kiganja. "Na wa dawati la kumi wakamwiga. Na la kumi na moja. Nimeshindwa kubaki mle ndani."

Alikaa. Aliniomba nimwambie kosa lake lilikuwa lipi, kuvichana au kuvishona. Nikamwambia kosa ni la wale wawili, mmoja na kalamu yake na mwingine na funguo zake, na nikaongeza mengine ambayo hayaandikiki. Hakunisikiliza.

"Mdomo ulikuwa wazi," akasema. "Uliniona. Mdomo ulikuwa wazi na nikasema asante."

Nilimwona, na sikuweza kumwambia kwamba sikumwona. Kutoka darasani sauti zilikuwa zinatufikia, watoto wengi pamoja, hadithi ileile waliyoimba zamani kabla hawajajua kusoma. Alisikiliza kidogo, akasimama, akarudi kazini.