Kambambili yangu chini ya goti ya Papa Aline

Wamama, leo nimekamata mwizi wa kambambili yangu.
Ni bwana yangu.

Asubui nilikuwa na moja tu muguuni. Ile ingine nilitafuta mpaka chini ya kitanda. Mpya kabisa, laini, yenye maua ya rose! Nikashutumu hata imbwa ya jirani.

Saa nane Papa Aline anaingia na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, imejaa magunia ya makala ya kupikia kutoka Kibati. Naangalia pale anapigaka goti akiwa anasukuma na muguu ingine.

Kambambili yangu! Imepigiliwa misumari pembeni, maua juu.

Nikapandisha sauti, majirani wakatoka.

Yeye akakunja tu suruali. Goti limevimba, liko na kidonda. Kipande cha pneu ya gari alichokuwa anapigia goti kiliisha zamani, na hakuniambia.

"Si ungeniomba?"
"Ungekatala, Mama Aline."

Kweli, ningekatala. (Municheke tu.)

Nikamusafisha kidonda. Kisha nikaleta ile kambambili ingine, marteau na misumari, nikaipigilia juu ya ya kwanza, ikuwe nene.

Mwenye atakutana na chukudu ya maua kwenye njia ya Kibati, acheke polepole.
Huyo mwenye kuisukuma ni wangu.