Nimetumwa na Doña Edelmira

Katika kisiwa cha Quilmén, kusini mwa Chile, ambako mvua ndiyo mwenyeji na jua ni mgeni wa kupita njia, hapakuwa na mtu aliyemdai Edelmira Nahuelquín hata kiazi kimoja. Jirani akihamisha nyumba, akivuna shamba au akipandisha mashua nchi kavu, kisiwa kizima huja kumsaidia bila malipo. Yeye huwalisha, na siku akiitwa naye huitika. Edelmira hakupeleka mgongo wake hata mara moja. Alipeleka gunia la viazi, akarudi kwa nguruwe wake.

"Msaada wa jirani ni mkopo usio na riba," alikuwa akisema, "ila hauna mwisho."

Wenzake walivila viazi vyake huku wamenuna.

Ndiye aliyemuuzia don Yos nyumba ya marehemu mama mkwe wake, ile iliyo karibu na gati. Don Yos alikuwa Mholanzi, kondakta wa treni aliyestaafu. Umri wake wote ulimwishia kwenye filimbi na makelele ya abiria, akaapa kwamba uzee wake ataumalizia mahali pasipo na treni wala abiria. Aliizunguka ile nyumba, akanusa mbao zake, akafumba macho, akasema, "Kimya!" Edelmira akajua kwamba mnunuzi akishafumba macho, bei imekwisha kupanda. Wakapeana mikono.

Kumbe kila mmoja alishika mkono kwa biashara yake. Kwa don Yos, nyumba ni nyumba pamoja na ardhi iliyoikalia. Kwa watu wa Quilmén, nyumba ni mbao. Leo iko hapa, kesho mwenyewe akipenda iko kule. Edelmira aliuza mbao. Ardhi hakuiuza, wala hakuwahi kufikiri kuna mtu mzima asiyejua tofauti.

Mvua zilipopungua alimfuata.

"Don Yos, unaihamisha lini?"

"Naihamisha nini?"

"Nyumba yako."

Mzee akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha. "Doña Edelmira, nyumba haina miguu."

"Ndiyo maana Mungu akaumba ng'ombe."

Mholanzi akakunja mikono, akasema yeye haondoki. Hapo Edelmira akakitazama kiwanja chenyewe. Kiwanja kile alimwekea bintiye Yasna, aliyekuwa akifanya kazi ya kupasua samaki kiwandani, kule kisiwa kikubwa cha jirani, akiwa na watoto wawili. Yasna alitaka nyumba mpya, yenye bafu, hapo hapo gatini, watoto wapate boti ya shule. Alishasema wazi: "Mama, nikija na mbao zangu nikakuta kiwanja hakiko wazi, nakwenda zangu Punta Arenas, mwisho wa nchi, kwa wifi. Wajukuu utawaona kwenye picha." Edelmira hakuogopa dhoruba wala kodi, ila picha hizo aliziogopa. Na hakumwambia mtu, maana anayeonyesha shida yake hununua ghali.

"Sikia, don Yos. Wewe ulifuata kimya. Hapa gatini kuna kimya gani, na boti zote hizi? Mimi nina kiwanja kule rasini. Hata mbwa habweki, hana wa kumbwekea."

"Kiasi gani?"

"Bure."

Don Yos akarudi nyuma hatua mbili. Alikuwa mgeni, lakini habari za Edelmira zilishamfikia. Siku nzima aliikagua rasi ile, akitafuta shimo, nyoka au mdai mwingine. Hakuona kitu. Jioni akakubali.

Likabaki la kuwapata watu. Mila ya Quilmén ni kwamba mwenye haja hupita mlango kwa mlango akiomba kwa kinywa chake, na aliyeomba ndiye mdaiwa wa wote. Kwa hiyo Edelmira akamkalisha mzee jikoni, akamfundisha: "Sema, 'Nimekuja kuomba ng'ombe wako na nguvu zako.' Basi. Usiongeze neno."

Don Yos akavaa koti, akapiga viatu rangi, akaanzia kwa don Rubelindo Barría, mwenye maksai wakubwa kuliko wote.

"Nimekuja kuposa ng'ombe wako," akasema.

"Yupi?" akauliza Rubelindo. "Maana yule mweusi ni mchumba wa watu."

Habari ilimfikia Edelmira kabla mzee hajafika mlango wa tatu. Akacheka peke yake. Lakini jioni, aliposikia kwamba kila mlango ulikubali papo hapo, akashuku kidogo. Bei ikikubaliwa haraka, kuna kasoro.

Siku ikafika. Magogo yakaingizwa chini ya nyumba, kamba zikafungwa, bendera ikapachikwa juu ya paa, jozi za maksai zikapangwa zikitoa mvuke puani. Kisha don Rubelindo akavua kofia mbele ya Edelmira, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwenye msiba wa mumewe.

"Tumeitikia ombi lako, doña Edelmira."

"Mwambieni mwenye nyumba. Yule pale."

"Mwenye ombi ni wewe. Kila mlango aliobisha, mzee ametwambia, 'Nimetumwa na doña Edelmira.'"

Edelmira akageuka polepole. "Don Yos. Nani alikufundisha maneno hayo?"

"Hakuna," akajibu mzee kwa fahari. "Kondakta akibisha mlango lazima aseme ametumwa na nani. Si ulinituma?"

"Ukweli mwingine una bei, we mzee!"

Watu walikuwa wanajizuia, mabega yanatikisika. Walimngoja mwanamke huyu kwa miaka.

"Kama si ombi lako," akasema Rubelindo kwa upole wa paka, "tuwafungue ng'ombe twende zetu. Hakuna ugomvi."

Edelmira akatazama gati. Boti ya Yasna ingefika wiki hiyo hiyo, na mbao na watoto. Akapiga hesabu kila upande. Kila upande ukarudi pale pale.

"Vuteni."

"Upepo mwingi, hatukusikia."

"Nawaomba! Vuteni!"

Zikapigwa kelele kama vile timu ya taifa imefunga bao. Maksai wakainama, magogo yakalia, na nyumba ya mama mkwe ikaondoka kwa maringo, don Yos ndani yake ameshikilia makabati ya vyombo, akipuliza filimbi yake ya zamani kila ilipokwama matopeni.

Mwenye ombi ndiye hulisha. Wakafukua shimo, wakapanga mawe ya moto, wakatia kome, viazi, na nguruwe wawili wa Edelmira, mmoja wao yule aliyekuwa akimnenepeshea bei ya sikukuu. Walikula hadi kwenye mifupa, wakasukumia kwa pombe ya tufaha, na kila aliyeaga alimpiga begani: "Tutaitana, jirani."

Wakamwita kweli. Yasna alikuta kiwanja cheupe, akasimamisha nyumba yake yenye bafu, na wajukuu wakaanza kuiba mayai ya bibi yao. Lakini bibi mwenyewe hakuwapo kuwafukuza; alikuwa kwa Rubelindo anachimbua viazi.

Mara moja alijaribu ujanja. Alimtuma don Yos na jembe kwenda kwa Rubelindo badala yake. Mzee akabisha, akavua kofia, akasema neno lake.

"Najua umetumwa na nani," Rubelindo akamjibu. "Rudi kwenye kimya chako, don Yos. Mwambie aliyekutuma tunamngoja yeye na mgongo wake."