Siku ya usafi mtaani, emergency ikajaa

Wakuu, marahaba, hata kama hamjanisalimia.

Mimi bibi wa hapa Mbeya mjini. Shule niliiona kwa nje nikipita na ng'ombe. Naongea, simu inaandika yenyewe, ikikosea mkaitukane yenyewe. Ila nasema kweli tupu. Chumvi siongezi, hata daktari kanikataza.

Juzijuzi wifi yangu kaja toka Iringa kwenye kipaimara cha mjukuu. Mhehe huyo, dada wa marehemu mume wangu. Ana pumu na ana mdomo, sijui kipi kilianza.

Ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ile ya usafi.

Mnaijua baridi ya huku asubuhi. Moshi wa malori na wa mkaa unalala chini tu, hauendi popote. Mjumbe wetu akapita na kipaza sauti, kama jogoo kabanwa na mlango: "Ndugu wananchiii, usafi ni afyaaa, sitaki kuona taka."

Na huku kwetu taka haionekani ikishachomwa. Kila nyumba na lundo lake: majani, pampasi, chupa za plastiki.

Mimi nilifagia, lundo nikaliacha. Wifi akashika kiuno: "Wifi, kwetu Iringa hatulali na taka. Labda nyie Wanyakyusa."

Akawasha mwenyewe. Akatupia na ndala zangu, eti zimechoka. Mjumbe akasimama getini, akamtangaza: "Igeni mfano wa mama huyu mgeni."

Wifi akavimba kama andazi.

Mtaa ukawa mweupe, nyumba ya jirani siioni.

Mara wifi kanyamaza. Wakuu, yule kunyamaza si kawaida yake. Nageuka, kakaa chini, kifua kinapiga filimbi, midomo rangi ya majivu. Pampu yake ya pumu kaisahau Iringa.

Utani ukaniisha. Nikamshika mkono: "Wifi, usinifie. Nani atanisema?"

Bajaji, mbio, emergency.

Kule nikadhani kuna ajali. Benchi zimejaa, wazee, watoto mgongoni, wote vifua. Nesi kachoka, anaongelea puani: "Bibi pita, kila Jumamosi ya usafi tunawapokea hivihivi." Wakamvisha wifi barakoa ya mvuke.

Kitanda cha pembeni nani? Mjumbe. Barakoa usoni, kipaza sauti kakipakata kama mtoto.

Daktari akauliza kwa upole, nani kachoma nini huko. Wote wawili hawawezi kuongea.

Wifi akanyoosha kidole kwa mjumbe. Mjumbe akanyoosha kwa wifi.

Nilicheka mpaka nesi akanitoa nje. Huko nje ndiko nikalia. Niliporudi, filimbi kifuani imenyamaza. Wifi akavua barakoa, neno la kwanza: "Zile ndala zako zilikuwa na sumu."

Nikajua kapona.

Nilichojifunza: taka ukiichoma haijaisha, umeihamishia kifuani kwa mtu. Sasa tunasubiri gari la taka, hata likichelewa. Mjumbe naye anapita, "Zoeni, msichomeee", katikati anakohoa.

Nyie wa Igawa mnaochoma pumba za mpunga, kwenu hospitali kukoje? Semeni, simu itanisomea.

Na mwenye ndala namba tano anitafute. Wifi kasema halipi.