Mashine Iliyoletwa Kumpumzisha Mama

Mama alikuwa akirudi nyumbani Michenzani alasiri, akinuka sabuni ya mche na kanji ya kukazia nguo. Yeye na shoga yake, Bi Rukia, walikuwa wakifua kwa mikono mashuka ya hoteli moja ya Shangani. Kazi ilikuwa ngumu, vidole vikiwachubuka, lakini mashuka yakishakauka na kupigwa pasi walikuwa huru. Mama alikaa ukumbini akinisuka nywele, akinihadithia vituko vya wageni, mpaka usingizi ukanichukua pajani pake.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini meneja wa hoteli akaleta mashine ya kufulia. Aliwaita wote wawili akawaambia taabu imekwisha, sasa watapata nafasi ya kukaa na watoto wao. Mama alirudi akicheka. Akaniahidi kwamba Idd ile atanipeleka mwenyewe sikukuu Mnazi Mmoja, si shangazi kama kila mwaka, maana sikukuu mashuka yalizidi.

Haukupita muda mrefu, Bi Rukia akaambiwa abaki kwake. Meneja akaanza kupokea na nguo za hoteli za jirani, na mama, peke yake, akawa anapakia, anapakua na kupiga pasi mpaka baada ya Isha. Akirudi alijitupa kitandani na baibui lake. Nywele zangu akawa ananisuka shangazi.

Siku ya Idd nilivaa gauni jipya nikamngoja. Magharibi ilipokaribia, shangazi alinishika mkono tukaenda Shangani. Tulimkuta katika chumba kisicho na dirisha, jasho linamtiririka, pasi mkononi. Meneja alikuwepo, akanipa peremende.

"Bwana," shangazi alimwuliza taratibu, "ule wasaa uliomwahidi wifi yangu, umempa nani?"

Alijibu kwamba wageni wamekuwa wengi.  Mama alivuta shuka jingine. Peremende niliitupa miguuni pa meneja, na hakuna aliyenigombeza.

Mashine ile ilifanya kweli kazi ya watu wawili. Alasiri zetu zilipatikana, ila alizichukua meneja. Hilo sijalisamehe, na sasa, mama akiwa hawezi hata kuinama kuvaa viatu, nalisamehe vipi? Juzi ofisini kwetu zililetwa kompyuta mpya, na mkubwa wetu akatangaza kwamba tutakuwa tukitoka mapema. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilisimama nikamwuliza ni nani kati yetu atakayeondolewa, na kazi zake atabebeshwa nani. Makofi yalikatika. Mkubwa wetu akaufunga mkutano, na kesho nitamwuliza tena.